Jinsi ya kumsoma Issey Miyake kama ndo unaanza: shika kitambaa kwanza, picha baadae

Mwaka jana nilinunua blauzi ya mtumba pale Karume, elfu tatu tu, rangi ya kijivu, imejaa marinda madogo madogo mwili mzima mpaka nikadhani imebanwa vibaya kwenye belo. Nimefika nyumbani nimeivaa, imenikaa. Shangazi yangu, ambaye ni mtu wa mwili hasa, akaniambia hebu lete, akaivaa, na yeye ikamkaa. Yaani blauzi ileile moja. Nikaifua usiku, asubuhi ipo kavu, marinda yako vilevile, haina haja ya pasi.

Kipindi hicho nilikuwa na miezi mitatu tu tangu nianze kujifunza cherehani. Nikampelekea fundi wangu aione. Akaigeuza ndani nje, akavuta, akaachia, ikarudi, akavuta tena, halafu akanionyesha ubavuni na ncha ya mkasi: "Ona hapa mwanangu, rinda limepita juu ya mshono. Hii imeshonwa kwanza ndo ikakunjwa." Mi nilikuwa nimeivaa wiki nzima sijaona. Sisi sketi za marinda tunakunja kitambaa kwanza, tunabana na pini, tunapiga pasi, ndo tunashona mkanda. Huyu kafanya kinyume.

Lebo ilikuwa imeandikwa Pleats Please Issey Miyake. Jina lenyewe sikuwa nalijua, kumbe ni la mbunifu wa mavazi wa Japani. Nikaanza kumtafuta, na nilianza vibaya, wiki tatu nzima nikawa natazama picha za jukwaani moja baada ya nyingine, mia mbili mia tatu, na mwisho wa siku hakuna nilichobaki nacho kichwani zaidi ya "mazuri, ya ajabu". Kwahiyo nimeandika njia ambayo baadae ilinisaidia, kwa mtu yeyote anaeanza, awe fundi, mwanafunzi wa ubunifu, au mtu anayependa nguo tu.

Hatua ya 1: chagua mtu mmoja na swali moja

Usijifunze "fasheni". Ni bahari hiyo, utazama. Chukua mbunifu mmoja, kaa nae mwezi au miwili, na kila ukiona kazi yake uliza swali moja tu: huyu anakifanyia nini kitambaa? Sio nguo ni nzuri au mbaya, sio nani kaivaa, sio bei gani. Anakikata? Anakikunja? Anakiacha kizima? Anakibana mwilini au anakiacha kikae mbali na mwili?

Mi nashauri Miyake kwa anayeanza kwa sababu jibu lake linaonekana kwa macho na unaweza kulishika kwa mkono. Wapo wabunifu wakubwa ambao uzuri wao umejificha kwenye ukataji wa bega, mpaka uwe fundi wa miaka kumi ndo uone. Huyu hata mtu asiyejua kushona akishika nguo yake anahisi kuna kitu kimefanyika hapa.

Hatua ya 2: maisha yake, lakini kwa ufupi

Usikae sana hapa ila usiruke, maana bila hii hutaelewa kwanini alitaka nguo nyepesi zisizo na shida.

Alizaliwa Hiroshima, Aprili 1938. Tarehe 6 Agosti 1945 bomu la atomiki linaangushwa kwenye mji wao yeye ana miaka 7. Mama yake alifariki ndani ya miaka mitatu kwa madhara ya mionzi. Kwa miaka mingi hakutaka kulizungumzia, hakutaka aitwe "yule mbunifu aliyenusurika bomu", mpaka 2009 ndo akaandika wazi kwenye gazeti moja la Marekani, akaeleza kwamba alichagua kufikiria vitu vya kujenga kuliko vya kubomoa, vitu vinavyoleta furaha, na nguo ikawa njia yake. Kila nikiiangalia ile blauzi ya kijivu nakumbuka hilo.

Alisomea usanifu wa michoro chuo cha sanaa cha Tama, Tokyo, sio ushonaji. Mwaka 1965 akaenda Paris, akafanya kazi kwa Guy Laroche halafu kwa Givenchy, yaani nyumba za mitindo za matajiri kabisa, gauni moja linashonwa kwa ajili ya mwanamke mmoja. Halafu ikaja Mei 1968, wanafunzi na wafanyakazi wa Paris wakaingia barabarani, na yeye yupo pale anaona. Alitoka na wazo kwamba dunia inaenda kwingine, na kwamba anataka kutengeneza nguo za watu wengi, zile ambazo mtu anavaa kama anavyovaa jinzi na tisheti. Akapita New York kwa mbunifu Geoffrey Beene, akarudi Tokyo, na 1970 akafungua studio yake, Miyake Design Studio. Alifariki tarehe 5 Agosti 2022, ana miaka 84.

Hayo yanatosha. Funga daftari twende kwenye kitambaa.

Hatua ya 3: tandika kanga sakafuni

Usicheke, hii hatua kwangu ndo ilifungua kila kitu. Chukua doti ya kanga ambayo haijapindwa. Itandike chini. Upande mmoja una kama sentimita 150 kwa 110 hivi. Ina pindo, ina mji, ina jina. Hakuna mahali pamekatwa kwa ajili ya kiuno, hakuna bega, hakuna saizi. Sasa jifunge kiunoni. Jifunge kifuani. Jitande kichwani na mabegani. Beba mtoto, hata mto tu utakufaa. Kila mara kanga imekuwa nguo nyingine, na ukiifungua inarudi kuwa kile kitambaa cha mstatili kilekile.

Hilo ndo wazo ambalo Miyake alilifanyia kazi maisha yake yote, kitambaa kimoja na mwili. Yeye alilichukua kwenye kimono, maana kimono nayo inakatwa kwenye jora jembamba, upana kama sentimita 36 tu, urefu kama mita 12, na inakatwa kwa mistari iliyonyooka mitupu, hakuna kinachotupwa. Inakaa mwilini kwa kufungwa, na kati ya mwili na nguo panabaki nafasi. Wajapani wana neno lao kwa hiyo nafasi, wanaiita ma. Sisi hatuna neno moja kwa hilo ila kila mwanamke aliyewahi kujitanda kanga siku ya joto anaijua hiyo nafasi, ule upepo unaopita kati ya kanga na mgongo.

Na Japani na kanga sio mbali kama unavyodhani. Kabla viwanda vyetu havijashika kasi, kabla ya Urafiki pale Ubungo, kanga nyingi zilizovaliwa pwani yetu zilikuwa zinachapwa ng'ambo, na Japani ilikuwa mmoja wa wachapaji wakubwa. Hata lile neno tetroni tunalotumia kwa kitambaa cha sare za shule limetokana na jina la biashara la poliesta ya Japani, Tetoron, lililoingia sokoni huko 1958. Kwahiyo mtoto aliyevaa sketi ya tetroni ya marinda alikuwa karibu na hii habari bila kujua.

Sasa angalia A-POC. Hiyo alianza 1998 na mwenzake Dai Fujiwara, na herufi hizo zinasimama badala ya maneno ya kiingereza yenye maana ya kipande kimoja cha kitambaa. Uzi unaingia kwenye mashine inayoongozwa na kompyuta, unatoka mrija mrefu wa kitambaa kilichofumwa, na ndani yake tayari kuna gauni, soksi, kofia, hata pochi, vyote vimechorwa kwa mistari ya ufumaji. Mnunuzi anachukua mkasi, anakata kwenye mistari, nguo zinatoka na hazifumuki. Anaamua mwenyewe mikono iwe mirefu au mifupi. Jukwaani Paris waliwahi kuwatoa wanamitindo kwenye mstari, wamevaa nyekundu, na nguo zao zote zimeungana kwenye kitambaa kimoja.

Nilivyosoma hivyo nikaenda kuangalia doti yangu. Doti inatoka dukani imeungana. Unakata katikati mwenyewe, unapeleka kwa fundi anapinda, moja unajifunga moja unajitanda. Mbunifu mkubwa wa Tokyo na muuza kanga wa Kariakoo wote wanamuachia mvaaji kazi ya mwisho. Sisemi alichukua kwetu. Nasema sisi tuna mlango wetu wa kuingilia kwake, na ni mlango mzuri kuliko wa picha za jukwaani.

Hatua ya 4: kazi tano, penseli na karatasi

Tafuta kazi tano tu. Makumbusho makubwa yameweka picha bure kwenye tovuti zao, The Met ya New York, Victoria and Albert ya London, na Kyoto Costume Institute, pale unaandika jina lake tu. Usipige skrinshoti ukaishia hapo, chora. Huhitaji kujua kuchora, chora mistari ya mahali kitambaa kinapoanguka na mahali kinaposimama. Mkono unaona vitu ambavyo jicho linaruka.

Mi nilichora hizi.

Koti la sashiko la miaka ya 70 mwanzoni. Sashiko ni mishono ya mkono ambayo wakulima na wafanyakazi wa Japani walitumia kuimarisha nguo za kazi, mistari ya uzi mweupe juu ya kitambaa kizito. Alichukua kitu cha shamba akakipeleka kwenye fasheni bila kukionea aibu.

Kiwiliwili cha henzirani na mianzi, kile kilichotoka kwenye jalada la jarida la sanaa la Artforum Februari 1982. Alikifanya na fundi wa kusuka mianzi, Shochikudo Kosuge. Kimekaa kama ngao ya kifua. Mtu aliyekua anaona bibi yake anasuka ukili atakiangalia hiki muda mrefu kuliko mwingine yeyote.

Gauni la Flying Saucer la 1994. Limekunjwa kama zile taa za karatasi, likiwa chini ni sahani bapa za rangi, ukilivaa linainuka linakuwa mapipa yanayocheza ukitembea. Nilifuta mara nne kabla halijakaa sawa kwenye karatasi, na hapo ndo nikaelewa kwamba ni duara zimepangwa, sio mrija.

132 5. ya 2010. Hii sitaieleza sana, unaikuta imelala mezani kama nyota iliyokunjwa, unavuta juu linakuwa gauni. Namba zenyewe zina maana, 1 ni kitambaa kimoja, 3 ni umbo linalosimama, 2 ni kurudi bapa, na 5 ni maisha ya nguo baada ya mtu kuivaa. Hesabu zake zilianzia kwa mtaalamu wa kompyuta, Jun Mitani. Kitambaa ni poliesta iliyorejelezwa.

Na ya tano ni marinda.

Hatua ya 5: tengeneza marinda mwenyewe

Hapa kaa. Kama una muda wa hatua moja tu katika zote, fanya hii.

Kwanza elewa kwanini kitambaa kinakumbuka. Poliesta ni jamii ya plastiki. Ukiipasha moto inalegea ndani kwa ndani, ukiikunja ikiwa na moto halafu ikapoa ikiwa imekunjwa, inaganda hivyohivyo. Pamba haina tabia hiyo, ikilowa maji inasahau, ndo maana sketi ya pamba unaipiga pasi kila siku. Kwahiyo kanga na kitenge cha pamba havifai kwa zoezi hili hata uvichemshe wiki nzima.

Ukienda dukani usiamini maneno ya muuzaji, omba kipande kidogo. Nyumbani chomoa nyuzi mbili tatu, zishike kwa kibano, weka bakuli la maji pembeni, washa kiberiti. Zikiyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi, ni poliesta. Zikiwaka kama karatasi na kuacha majivu laini, ni pamba. Vitambaa vingi vya mabuibui, ile nida na krepu nyepesi, ni poliesta na vinakubali vizuri sana. Shifoni nayo inakubali ila inateleza, iache mpaka mkono uzoee.

Anza na kipande cha sentimita 50 kwa 50. Chukua karatasi mbili za kaki zinazolingana, zipige mistari kila sentimita 2, pitisha kisu upande butu juu ya mistari ili zikunjike vizuri, halafu zikunje zote mbili kwa pamoja, mbele nyuma mbele nyuma, kama kipepeo cha karatasi cha watoto. Zifungue. Weka kitambaa katikati, kimenyooka, hakina hata kunyanzi moja. Zikunje tena ukifuata njia zilezile, polepole, karatasi ndo inakiongoza kitambaa. Ukimaliza una kitu kama rula nene. Kiweke katikati ya vibao viwili, kifunge kwa vitambaa vya pamba, kaza.

Sufuria kubwa, maji kidogo chini, weka kitu cha chuma kitakachoinua mzigo wako usiguse maji, funika, chemsha saa nzima na uwe unaangalia maji yasiishe. Epua. Na sasa sikiliza hapa: usifungue. Mi mara ya kwanza nilifungua bado kina joto kwa sababu nilikuwa na hamu, marinda yakawa yapo, mazuri kweli, nikayaona yanalegea mbele ya macho yangu mpaka kitambaa kikabaki na mawimbi tu. Acha mpaka asubuhi, kipoe mpaka katikati ndani kabisa.

Ukifungua siku ya pili kivute kwa pande mbili halafu uachie. Kinarudi. Hapo utakuwa umeelewa kitu ambacho mi picha mia tatu hazikunipa.

Kiwandani wao hawatumii sufuria, nguo inaingia kwenye mashine ya joto na mgandamizo katikati ya karatasi mbili. Lakini siri yenyewe ni ile aliyoiona fundi wangu. Miyake alianza majaribio haya 1988, na badala ya kukunja kitambaa halafu kukikata, anakata na kushona nguo nzima kwanza, kubwa mara mbili na nusu mpaka tatu ya saizi ya mtu, halafu ndo nguo nzima inakunjwa. Mwaka 1991 akawavalisha wacheza dansi wa William Forsythe, mtunzi wa dansi wa Frankfurt, nguo za marinda jukwaani, akaona wanaruka na kugeuka bila nguo kuwazuia. Mwaka 1992 timu ya Lithuania ilivaa kazi yake ya marinda kwenye Olimpiki ya Barcelona, nchi ndo kwanza imetoka kupata uhuru wake. Na 1993 ikaja Pleats Please yenyewe, ya kuuza madukani.

Sasa ukishaweza kipande kidogo, jaribu blauzi kwa njia yake. Chukua krepu, kata mistatili miwili, upana 150 kila mmoja, sawa na upande mrefu wa kanga, urefu 65. Shona mabegani na ubavuni. Kiuno chake hapo ni sentimita 300, inaonekana kama hema, usiogope, ikikunjwa itarudi kwenye mia hivi na itakuwa inavutika. Karatasi ya upana huo hupati, unganisha kwa kushona na cherehani kwa mshono mrefu, tumia sindano ya zamani maana karatasi inaua sindano.

Kuna jambo moja hapa hakuna aliyeniambia. Marinda yanakusanya upana, hayakusanyi urefu. Kwahiyo shingo lazima uikate pana sana, kama sentimita 60, maana yenyewe itajikusanya. Lakini kwapa, kwa kuwa linashuka kwa urefu, likate saizi yake ya kawaida, 22 mpaka 24, usizidishe. Blauzi yangu ya kwanza nilikata shingo 24 kama nguo ya kawaida, nikaikunja, nikaichemsha, nikasubiri usiku kucha, na kichwa hakikupita. Ilibidi nikate shingo upya juu ya marinda, ikaharibu mstari wote wa mbele. Mshono nao uwe mwembamba na bapa, ukirundika kitambaa pale ubavuni rinda linashindwa kupita juu yake.

Hatua ya 6: ishike nguo yake halisi, hata kama hununui

Dukani bei zake haziendani na mifuko yetu, tuseme ukweli. Lakini kwenye mitumba zinapita, sio kila siku, zinapita, na wauzaji wengi wanaziweka kwenye fungu la bei rahisi kwa sababu zinaonekana zimejikunja. Pitisha mkono kwenye fungu. Ukikuta kitambaa chepesi chenye marinda, kivute uone kama kinarudi, halafu geuza ndani uangalie ubavuni kama rinda limepita juu ya mshono. Nguo za kiume za namna hii zipo chini ya jina la Homme Plissé, zilianza 2013.

Zile pochi za pembetatu zinazojikunja kila upande, Bao Bao, ni za nyumba yake pia, zimekuwa na jina hilo tangu 2010. Za kuiga zimejaa kila kona. Hata ukiwa na ya kuiga unaweza kujifunza wazo, vipande vigumu vya pembetatu vimepangwa juu ya kitambaa laini na nafasi ndogo kati yao, ndo maana umbo linabadilika kulingana na ulichobeba ndani. Ni uleule ubishi wake, umbo aamue mvaaji.

Na wengi wameshaona kazi yake bila kujua. Zile fulana nyeusi za shingo ndefu alizokuwa anavaa Steve Jobs, yule bosi wa Apple, kila siku zilitoka kwake, alimtengenezea kama mia hivi. Jobs alimfahamu kupitia Sony, kwa sababu Miyake ndo aliyebuni jaketi la sare la wafanyakazi wa Sony mwaka 1981, la nailoni, mikono inatoka kwa zipu. Mbunifu aliyetoka kwa Givenchy anabuni sare ya kiwandani na anaiheshimu. Hiyo kwangu inasema mengi kumhusu kuliko manukato yanayouzwa kwa jina lake.

Hatua ya 7: mlinganishe na mmoja tu

Mlinganishe na Mariano Fortuny, Mhispania aliyeishi Venice, ambaye kuanzia 1907 hivi alitengeneza gauni la Delphos, la hariri, marinda membamba kama nywele. Zuri mno. Lakini hariri sio poliesta, likilowa marinda yanaondoka na enzi hizo mwenyewe ilibidi alirudishe Venice likakunjwe upya. Weka picha ya Delphos na picha ya Pleats Please pembeni pembeni na ujiulize ni nani anaweza kuvaa ipi, akienda wapi, na nani ataifua. Hapo ndo utaona Miyake aliongeza nini. Wabunifu wenzake wa Japani, Rei Kawakubo na Yohji Yamamoto, walioingia Paris 1981, watafute baadae, kila mmoja anastahili mwezi wake.

Hatua ya 8: andika unachokipenda na usichokipenda

Daftari langu lina kurasa mbili. Ya kwanza ni ninachokipenda: nguo inayotosha mimi na shangazi, isiyodai pasi kwenye nyumba ambayo umeme unakatika, inayokunjwa ikaingia kwenye mkoba. Ya pili: poliesta ni plastiki, haiozi, na kwenye jua la saa nane la Dar bado naipendelea pamba, ingawa nakubali marinda yanasimama mbali na ngozi na upepo unapita. Nguo aliyoiwazia watu wote leo inanunuliwa na wachache, na hilo linaniuma. Andika yako. Usiogope kumkosoa mtu mkubwa, mradi umeshika kitambaa chake kwanza.

Kuhusu kutunza ulichotengeneza

Fua kwa mkono, maji ya baridi, sabuni ya kawaida. Maji ya moto yatalegeza marinda ya sufuria. Usikamue kwa kusokota, yabane tu kwa viganja kufuata njia ya marinda, halafu anika kivulini. Usitundike kwenye henga muda mrefu, kitambaa kinavutwa na uzito wake mabegani. Laza kitandani, kusanya marinda kwa mikono miwili mpaka yashikane, kisha yakunje kuanzia chini kwenda juu kama unavyokunja mkeka, funga na kipande cha kitambaa, weka kabatini.